Kitita cha Mikinduri

Jumatano, 6 Agosti. Embu

Safari imeiva. Kesho asubuhi tunaondoka Embu kwenda hadi Mikinduri, polepole, kila mji mdogo tusimame, tuangalie majengo ya zamani na tule chakula cha pale. Wazo ni la Mwalimu Karwirwa. Gari ni langu. Kwa hiyo kiongozi ni mimi, ingawa hakuna aliyelitamka hilo.

Niandike ukweli, maana hapa hakuna anayesoma. Majengo ya zamani hayanihusu. Nikiona jengo limezeeka huwaza bima yake tu, kazi yangu ni hiyo. Ninachotaka ni Karwirwa. Anafundisha historia hapa mjini, anachora kwa penseli kila ukuta unaokaribia kuanguka, na akicheka anakunja pua. Tangu tukutane kwenye kwaya sijauza bima kwa moyo mtulivu. Nina miaka arobaini na sita. Nyumba yangu ina vyumba vitatu na sahani moja inayotumika. Mama, kule Manyatta, ameacha kuniuliza nitaoa lini. Siku hizi ananiangalia tu, na hiyo ni mbaya zaidi. Nimeapa kwamba safari hii haitaisha kabla sijamwambia.

Tatizo ni Ngari. Daktari wa mifugo, Mmbeere, alifiwa na mke miaka mingi iliyopita, na maneno yake ni machache kana kwamba yanauzwa. Karwirwa amemwalika bila kuniuliza. Eti anajua vyakula.

Mpango: mizigo yote nimeipanga kiti cha nyuma, nikaacha nafasi ya mtu mmoja aliyejikunja. Mtu huyo ni Ngari. Karwirwa atakaa mbele nami, tutazungumza njia nzima. Nimeosha hata mkanda wa kiti.

Alhamisi, 7 Agosti. Runyenjes, kisha Chuka

Mpango umekufa kabla injini haijapata moto. Ngari ana goti bovu, alipigwa teke na ng'ombe mwezi uliopita. Karwirwa akasema daktari akae mbele anyooshe mguu, yeye ni mdogo atajipenyeza nyuma. Akajipenyeza kweli, katikati ya mabegi, akafungua daftari lake la kuchorea na kuanza kuimba. Nimeendesha hadi Runyenjes nikiwa na goti la Ngari ubavuni.

Runyenjes nikaamua kuonyesha elimu. Nyuma ya soko palikuwa na jengo la mawe, madirisha madogo yenye vyuma, mlango mzito wa mbao. Nikawaambia ni gereza la wakati wa mkoloni. Nilisema kwa ile sauti ninayotumia kueleza fidia. Nikaongeza wafungwa, nikaongeza minyororo. Karwirwa alikaa juu ya jiwe, akachora, akaandika chini yake, Gereza. Alikuwa anamalizia bawaba za mlango wakati mama mmoja aliyekuwa akianika maharagwe alipotuuliza kwa upole mbona tunachora stoo ya mbolea. Ni ya ushirika. Ilijengwa juzi juzi, kitinda mimba wake akiwa darasa la sita. Vyuma ni vya wezi wa mbolea.

Karwirwa alicheka hadi penseli ikamtoka. Kisha akaongeza neno, ikawa Gereza la Mbolea. Nilifurahi kuchekwa naye, hilo nalikubali. Lakini Ngari naye alitabasamu, na tabasamu la Ngari sikulihitaji.

Chuka tumekula hotelini kwa mama mmoja, chini ya mabati yenye kutu ya rangi ya chai. Githeri ya mahindi na njahi, yale maharagwe meusi, parachichi, na mukimo wa viazi vya kuponda. Ngari akapotelea jikoni kuuliza njahi zimelowekwa namna gani. Akakaa huko hadi nikaanza kutumaini amerudi Mbeere. Akatokea na sufuria ndogo ya ukoko wa mukimo, wenye rangi ya dhahabu, aliopewa bure na mpishi. Wakaugawana yeye na Karwirwa kwa kijiko kimoja. Mimi niliambiwa nisile zaidi, nitasinzia kwenye usukani.

Ijumaa, 8 Agosti. Nkubu

Manyunyu siku nzima. Ukungu umeshuka hadi kwenye mapaa. Karwirwa alikuwa ameona duka la zamani lililofungwa, veranda ya mbao, nguzo zilizopinda. Akaomba ufunguo kwa jirani. Ngari alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara akingoja ndizi za kuchoma. Kwa mara ya kwanza tangu tutoke Embu, mimi na Karwirwa tukawa peke yetu.

Ndani kulikuwa na rafu tupu na harufu ya magunia. Kaunta ilikuwa ndefu, ya mbao nene, na mahali fulani katikati ilikuwa imelika, imeingia ndani kidogo. Karwirwa akapitisha kiganja pale. Alisema anachopenda kwenye nyumba za zamani si mawe wala mwaka ulioandikwa juu ya mlango. Ni mahali palipolika. Hapo ndipo watu walipoegemea viwiko wakisubiri sukari na chumvi, miaka na miaka, mpaka mbao ikawakubali. Alisema nyumba anayokaa yeye Embu haijalika popote. Halafu akaniuliza yangu je.

Nafasi ndiyo hiyo. Nilijua ndiyo hiyo. Nilitaka kumwambia kwamba yangu nayo haijalika, meza yangu ni mpya kama siku niliyoinunua, hakuna kiwiko kilichowahi kuiegemea ila changu, na kwamba ningependa aje aiegemee. Nilifungua mdomo. Nikausikia mdomo ukisema kwamba jengo kama hili bila bima ya moto ni hasara inayongoja siku yake. Nikaeleza bima ya moto. Nikaeleza na ya mafuriko, ingawa Nkubu iko mlimani.

Alinisikiliza hadi mwisho. Yeye husikiliza hadi mwisho. Kisha akasema mvua imepungua, twende, ndizi za Ngari zitapoa.

Jumamosi, 9 Agosti. Meru

Nimeamua kuingia jikoni mwenyewe. Ikiwa mwanamume anapendwa kwa sufuria, hata mimi nina mikono. Nilitangaza kifungua kinywa kikiendelea kwamba leo ninapika mukimo wa ndizi, kama wa kwao Karwirwa huku Meru. Mama wa nyumba ya wageni akanikubalia jiko.

Nikaenda Gakoromone. Soko la watu! Ndizi za kijani kila upande, wauzaji wakiniita customer wa nguvu. Nikachagua kubwa kubwa, zinazong'aa. Aliyeniuzia aliniuliza kama nitaziacha hadi ziive. Nikamwambia nitazipika sasa hivi. Akaniangalia, akanifungia.

Kumbe si kila ndizi ya kijani ni ya kupika. Hizi zilikuwa za kuivisha. Nilizichemsha, zikagoma. Nikaziponda, zikavutika na kushika mwiko kama gundi ya fundi viatu. Karwirwa alipita mlangoni, akachungulia, akaenda zake akiwa ameziba mdomo. Ngari aliingia bila kuulizwa chochote. Akatia maziwa, akatia asali aliyobeba kutoka kwao Mbeere, akakoroga polepole, ikawa kitu kingine kabisa, kama uji mzito wa sherehe. Wageni wa vyumba vingine waliomba kuongezewa. Walimshukuru Ngari.

Baada ya chakula Ngari akabaki akiosha sufuria, hilo nalo akalifanya bila kuombwa. Karwirwa akanifuata verandani na kikombe chake. Akanieleza habari za baba yake, Mzee Kobia, tutakayemtembelea Jumatatu ili Karwirwa achore nyumba ya mawe iliyojengwa na babu yake. Alisema wanaume wawili wameshakuja pale kumposa, kila mmoja na ncoolo yake. Nikauliza ni nini hiyo. Akasema ni kitita cha miraa teule, kimefungwa kwa majani ya mgomba. Kwa Wameru huwezi kukipeleka hivi hivi kwenye boma lenye msichana. Ukikipeleka, umemwomba. Wazazi wakikifungua, wamekubali. Wa kwanza alikuwa kontrakta, mzee alimsindikiza hadi getini akiwa na kitita chake vilevile. Wa pili alitupiwa chake kikamgonga mgongoni. Wote wawili walikuja peke yao wakajisifu wenyewe, na mzee hapendi mtu wa hivyo.

Alisimulia akitazama ndani ya kikombe. Akasema huenda watu wa Embu hatujui mambo haya, na ni vizuri mtu kujua. Kisha akazungusha kikombe mikononi, akaendelea kukaa.

Mimi nilikuwa ninamcheka yule aliyegongwa mgongoni. Na katikati ya kucheka, akili ikawaka. Ngari hakuwepo. Ngari hajui ncoolo ni nini.

Karwirwa akasema kumeanza baridi, akaingia ndani.

Jumapili, 10 Agosti. Meru

Kanisani. Mpango umekamilika kichwani, hauna ufa. Ngari atabeba kitita. Mzee Kobia atawaka. Ngari atatoka getini na goti lake bovu, kitita kikimfuata. Mimi nitabaki sebuleni, mtulivu, mwenye adabu, na siku nyingine nitarudi na wazee wangu kutoka Manyatta kama inavyotakiwa.

Mhubiri alisema tumpende jirani. Jirani yangu kwenye benchi alikuwa Ngari. Alinishikia kitabu cha nyimbo maana nilisahau miwani. Hapo nikasita, kusema kweli. Kisha Karwirwa akamwazima Ngari leso apanguse miwani yake. Sikusita tena.

Jumatatu, 11 Agosti. Mikinduri

Nitaandika yote jinsi yalivyotokea, kisha nione kosa liko wapi.

Tulifika Mikinduri asubuhi. Hao wawili wakaingia hotelini kunywa chai, mimi nikasema naenda kuangalia upepo wa matairi. Nikamtafuta muuza miraa, kijana anaitwa Kirimi. Nikamwambia nataka ncoolo. Akauliza ya kwa nani. Nikasema kwa Mzee Kobia. Akanipima kwa macho, akacheka, akasema ngoja nikuchagulie smart, mzee, usiniangushe. Alichagua kijiti kimoja kimoja, vyororo, vyekundu. Akafunga kwa majani ya mgomba hadi kikawa kitita kizuri ajabu. Nikakilaza kwenye buti.

Nikaingia hotelini nikanywa chai, na niliporudi kwenye gari nilimkuta Karwirwa amesimama mbele ya buti iliyo wazi. Alikuwa anatafuta penseli. Alikuwa anakiangalia kitita. Akarudi hotelini na mkoba wake, akatoka amevaa hereni na kitambaa kipya cha kichwa, na njia yote hakuimba. Nilidhani ni kwa sababu ya kuwaona wazazi.

Getini nikampa Ngari kitita. Nikamwambia huku mgeni haendi kwa mzee bila miraa kidogo, na mimi nina kamera mkononi. Akanishukuru kwa kumwambia, angeingia bila adabu. Akakishika kwa mikono miwili.

Nyumba ni ya mawe, madirisha ya mbao ya kufunga na kufungua, kizingiti kimelika katikati kabisa. Mzee Kobia alikuwa verandani akirekebisha kufuli. Tukasalimiana, muga, muga muno. Kisha akaona kitita. Akaweka bisibisi chini. Karwirwa alikuwa nyuma yetu akichukua mizigo. Alipogeuka akamwona Ngari na kitita mikononi. Akaniangalia mimi. Akaangalia kamera yangu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

Mzee akauliza, taratibu, huyu mtu amekuja na nani wa kumsemea.

Ngari hajui anaulizwa nini. Nikaona mzee hawaki. Moto unahitaji mafuta. Basi nikasimama. Nikasema ninayemsemea ni mimi. Nikasema ameleta kitita kwa ajili ya Karwirwa, tusizunguke. Kisha nikamsifu kama wale wawili walivyojisifu, ili mzee achukie zaidi. Nikasema halewi. Nikasema goti hilo aliumia akimzalisha ng'ombe wa mjane ambaye hakuwa na chochote cha kumpa. Nikasema anaosha sufuria bila kuambiwa. Nikasema amekaa peke yake miaka mingi na sijawahi kumsikia akilalamika. Nilitafuta uongo wa kuongezea, ule mkubwa, wa kuharibu kabisa, nikakosa. Nimezoea kuuza. Kabla sijajua, nilikuwa nimemuuza.

Mzee akamuuliza Ngari kama maneno hayo ni yake. Ngari alikuwa amekwisha elewa, jasho lilimtoka. Alinitazama, akamtazama Karwirwa muda mrefu. Akasema yeye hana maneno, lakini hayo yaliyosemwa hawezi kuyakataa.

Mzee akamwita mkewe, Mama Gladwell. Akamwambia, "Huyu ako na heshima. Hajajisemea." Mama akamgeukia binti yake. Karwirwa akanigeukia mimi. Alinitazama, akangoja. Nilikuwa ninarekebisha kamera, nikitaka kupata picha ya mzee akikirusha.

Karwirwa akamwambia mama yake sawa.

Mzee akakata kamba. Majani yakafunguka. Vigelegele vilianzia jikoni vikaenda hadi kwa majirani. Mbuzi alichinjwa, mukimo ukaja kwenye sinia, na mimi nikapewa nyama ya kwanza kwa sababu ndimi niliyesema. Ilikuwa tamu. Niliila yote. Nina picha nyingi za leo, na karibu zote Karwirwa anatazama moja kwa moja mbele. Siwezi kujua kama ni mimi anayenitazama au ni kamera.

Jumanne, 12 Agosti. Embu

Tumerudi bila kusimama kwenye jengo lolote, ila Chuka kwa chai. Hapo Ngari alinivuta kando. Akaniuliza waziwazi kama nilijua maana ya kile kitita. Nikasema sikujua. Akatikisa kichwa, akasema hata yeye. Alisema asubuhi alikuwa amemwambia Karwirwa kwamba kama lilikuwa kosa, yuko tayari kurudi kwa mzee aombe msamaha, na Karwirwa akakataa. Alisema tangu mkewe afariki hakuthubutu hata kuwaza jambo kama hili, na bila mimi asingethubutu. Akanishika mkono kwa mikono miwili, vile vile alivyoshika kitita. Sijui kwa nini nilimwambia karibu.

Embu, Ngari aliposhuka kwake, Karwirwa akabaki tukishusha mabegi yake. Akaniambia bila hasira. Alipoona kitita kwenye buti alidhani ni changu. Hadithi ile ya ncoolo alinisimulia mimi peke yangu, akangoja Ngari awe jikoni ndipo asimulie. Ndiyo maana alivaa hereni. Pale kwao alidhani nimeogopa, nimempa Ngari anishikie, kwa hiyo akaendelea kunitazama akingoja nikichukue. Aliningoja hadi mama yake alipomtaka jibu. Akasema kisha akamtazama Ngari, na mengi niliyomsemea akakumbuka ameyaona kwa macho yake tangu Chuka, na hakuona sababu ya kuendelea kungoja. Akasema nilimsemea vizuri. Akasema asante kwa gari, Mwaniki.

Nimekaa jikoni kwangu. Imeniuma. Nimelia, niandike hivyo hivyo. Nimeegemea meza kwa viwiko viwili nikajaribu kuhesabu ni mara ngapi alinipa nafasi, na kila nikifika mwisho nakumbuka nyingine.

Jumamosi, 30 Agosti. Embu

Nimetoka Mikinduri tena. Ngari aliniomba niende na wazee wake kama msemaji, eti nyota ya maneno yake iko kwangu. Nikasema. Nilisema vizuri mno, hata Mzee Kobia alipanguza macho. Karwirwa alikuwa amependeza. Alinisalimia kama ndugu. Ikaniuma tena, lakini kidogo, maana aliyetuandalia uji alikuwa Lorna.

Lorna ni binti wa shangazi yake Karwirwa. Anauza vitambaa Mikinduri. Anapenda makanisa ya zamani, na aliniuliza kama kwetu Manyatta yapo. Akaniuliza kama nyumba yangu ina jiko kubwa. Akasema hajawahi kupelekwa Embu na mtu yeyote, akasema mara mbili, nadhani alidhani sikusikia. Uji wangu aliujaza hadi ukamwagika.

Kizuizi ni kimoja tu. Kuna mwanamume anaitwa Kithinji, jirani yao, humbebea Lorna majora ya vitambaa kila siku ya soko. Anatabasamu sana huyo.

Nimetafakari kosa langu kwa kina, siku kumi na kitu, sijakurupuka. Kosa lilikuwa miraa. Nilinunua nzuri mno. Mzee gani angeirusha miraa kama ile? Nimeongea na Kirimi kwa simu, atanitafutia iliyonyauka, iliyokauka kabisa, ya kumtukana mtu. Jumamosi ijayo Kithinji ataipeleka kwa baba yake Lorna, na safari hii sitafungua mdomo wangu hata kidogo, nitakaa kimya kabisa hadi yaishe.

Lorna amenipigia jioni hii. Ameuliza kama kweli nitakuja, na kama nitakuja mikono mitupu. Nimemwambia asiwe na wasiwasi wowote, atakayebeba ni Kithinji.